Tuwape Watoto Kitu cha Kutengeneza

Mhadhara kwa walimu, wazazi na mafundi wa Igunga



Nimewaona mafundi wameketi viti vya nyuma kabisa. Kwa ruhusa yako, Mwenyekiti, naomba wasogee mbele. Hapana, fundi, usione haya; mafuta ya mnyororo hayachafui mkutano. Mtakaposikia nitakayoyasema mtaelewa kwa nini nawataka karibu.

Nimeombwa nizungumze kuhusu namna ya kuamsha ubunifu na kazi za mikono kwa watoto wetu wa shule. Nimekuja na dai moja, nami nitalitetea kwa hoja sita. Dai lenyewe ni hili: ubunifu watoto wanao tangu nyumbani, vifaa vimejaa vijijini na kando ya barabara kuu, na shule inadaiwa vitu viwili tu, yaani muda na ruhusa. Mkinishinda kwa hoja wakati wa maswali, nitakubali. Ila naomba kwanza mnisikilize hadi mwisho.

1. Nchi hii ilikuwa ya mafundi kabla haijawa ya wapagazi

Njia kuu ya misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe na kuendelea Ujiji, ilipita kusini ya hapa tulipo. Wengi waliobeba mizigo katika njia ile walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, na vitabu vya historia vimewakumbuka kwa mabega yao. Mikono yao imesahauliwa.

Usumbwani, kaskazini-magharibi ya Tabora, wahunzi waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri za udongo, moto ukipulizwa kwa mivukuto ya ngozi. Majembe yao yaliuzwa Tabora na mbali zaidi. Jembe lile lilikuwa zana ya shamba, lilikuwa fedha, na lilikuwa mahari. Humu Unyamwezini watu walisokota pamba na kufuma shuka nzito kwenye kitanda cha mfumi, kazi ambayo wasafiri wa Ulaya waliopita katikati ya karne ile waliiona na kuiandika. Nyumba za tembe, zenye paa bapa la miti na udongo, zilijengwa na watu waliojua mti upi unaubeba udongo mzito na upi utaliwa na mchwa.

Kisha njia ileile iliyopeleka pwani meno ya tembo ikaleta merekani, kitambaa kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem. Kilikuwa rahisi na kilipatikana kwa wingi. Baadaye jembe la kiwandani likafuata.  Wafumaji na wahunzi wakaacha kuwafundisha watoto wao, kwa kuwa hawakuona tena faida yake, na kizazi kimoja kilitosha kuuzika ujuzi wa karne nyingi. Leo wilaya hii inalima pamba, tunaiona ikipakiwa kwenye malori kila msimu, lakini mtoto wa darasa la tano ambaye baba yake anauza pamba mbegu hajapata kuona mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana zinazofuma nguo.

Siwaambii haya ili turudi kuvaa shuka za mfumi. Nasema kwamba mahali ambapo mtoto hafundishwi kutengeneza, watu hubaki kuuza mali ghafi na kununua kilichotengenezwa na wengine. Ilikuwa hivyo kwa meno ya tembo, na ni hivyo kwa pamba.

2. Mtoto huja shuleni akiwa tayari ni fundi

Mzazi aliyeketi hapa na amtazame mwanawe jioni ya leo. Atamkuta na gari la waya. Bodi ni waya uliookotwa, magurudumu yamekatwa kwenye ndala zilizochakaa, na usukani ni waya mrefu unaomfikia kifuani ili aliendeshe akiwa amesimama wima. Nani alimfundisha? Wenzake. Amejuaje kwamba ekseli ya mbele lazima icheze kushoto na kulia wakati ya nyuma imekazwa? Alijaribu, gari likakataa kukata kona, akalifungua, akalifunga upya.

Mwingine amefinyanga ng'ombe kwa udongo mweusi wa mbuga. Tazameni nundu, tazameni pembe zilivyopinda. Mtoto huyu hakufinyanga ng'ombe wa kitabuni. Amemfinyanga dume la plau la babu yake, na ukimuuliza jina la ng'ombe huyo atakutajia. Mwingine ana mpira wa matambara na mifuko uliofungwa kwa kamba zilizopishana kwa mpangilio ambao mwalimu wa hisabati angeweza kuufundishia jiometri kwa wiki nzima.

Wahenga walisema kazi mbi si mchezo mwema. Kwa mtu mzima mwenye familia, sina ubishi. Lakini kwa mtoto wa miaka minane methali hii tuitumie kwa uangalifu, maana mchezo wake ndiyo kazi yake, na mara nyingi ndipo anapofikiri kwa bidii kuliko mahali pengine popote. Tujiulize sasa tunamfanyia nini mtoto huyu akifika shuleni. Gari lake linaachwa nje ya fensi. Ndani anakaa kwenye dawati, ananakili ubaoni kwamba mashine rahisi ni za aina kadhaa, anazikariri, na hakuna anayemwambia kwamba mbili kati ya hizo amezitengeneza mwenyewe na ziko nje zinamngoja.

3. Mikono huifundisha akili kuuliza

Wapo watakaosema: kazi za mikono ni nzuri kwa wasiofaulu, wenye akili wasome sayansi. Kwao nina kisa kimoja cha Mtanzania.

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, wilayani Lushoto, wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakachanganya sukari, wakaacha mchanganyiko upoe, ndipo wakauweka kwenye jokofu. Siku moja mwanafunzi wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, aliona nafasi kwenye jokofu inakwisha. Hakungoja maziwa yake yapoe. Akayaweka yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi aliporudi, maziwa yake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake, aliyeyaweka bila kuyachemsha, yalikuwa bado uji.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye aliwauliza wauza aiskrimu wa Tanga, nao wakamwambia kwamba wao huweka mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande upesi. Angalieni hapo: waliokuwa na jibu ni wenye kazi yao. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, aliuliza tena wakati darasa linajifunza sheria ya Newton ya kupoa. Mwalimu akamdhihaki kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, haimo katika fizikia ya ulimwengu, na wenzake wakafanya neno hilo kuwa utani wa kila siku. Mpemba hakukata tamaa. Akachukua bilauri mbili za maabara, moja akaitia maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye jokofu na kutazama mwenyewe.

Siku Profesa Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipotembelea shule hiyo, Mpemba alisimama mbele ya watu akauliza swali lake. Wengine walicheka. Osborne hakumpuuza, alirudi Dar es Salaam akaagiza jaribio lifanywe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja katika jarida la ufundishaji wa fizikia la Uingereza. Tangu hapo dunia inaliita jambo hilo athari ya Mpemba. Aristotle, Bacon na Descartes walikuwa wamekwisha kuligusia karne nyingi nyuma, na hadi leo wanasayansi wanabishana kuhusu sababu yake, na wengine hata kuhusu lini hutokea na lini halitokei. Jina lililobaki ni la kijana wa kidato cha tatu aliyekuwa akitengeneza aiskrimu.

Naomba tutafakari mambo mawili. Kwanza, swali lile halikutoka kwenye kitabu. Asiyetengeneza kitu hawezi kukutana na ajabu ya aina hiyo. Pili, elimu nzima ya shule ilimwambia Mpemba anyamaze, na angenyamaza tusingekuwa na habari yake. Mangapi ya namna hiyo yamenyamazishwa katika madarasa yetu, hakuna wa kuyahesabu.

4. Shule iligeuza jembe kuwa adhabu

Mji wa Tabora una haki ya kuzungumzia elimu. Julius Nyerere alisoma Shule ya Serikali Tabora kuanzia 1937, na kuanzia 1946, alipotoka Makerere, alifundisha St. Mary's hapohapo Tabora. Machi 1967 alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha. Alitaka shule iwe na shamba au karakana, na kazi hiyo iwe sehemu ya masomo. Lakini alisisitiza jambo ambalo wengi tumelisahau: wanafunzi washiriki kupanga, kuamua, kuweka kumbukumbu na kuona matokeo ya walichokifanya, pamoja na makosa yao.

Katika shule nyingi kilichobaki ni jembe. Kupanga na kuamua kulipotea njiani. Mtoto akachelewa, akalime. Akaongea Kisukuma darasani, akachote maji. Akashindwa hesabu, akafyeke. Walimu wenzangu, mnatabasamu kwa sababu mnajua ninasema kweli. Tukifanya hivyo miaka mingi, mtoto hujifunza somo moja kwa ukamilifu: kwamba kazi ya mikono ni ya mkosaji, na ya mwenye akili ni kalamu. Halafu tunashangaa kijana aliyemaliza kidato cha nne akiona aibu kushika plau.

Upande mwingine uko mtihani. Mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ulianza kusahihishwa kwa mashine, mtoto akaweka weusi kwenye kiduara cha jibu alilochagua. Sina ugomvi na mashine. Inaokoa muda na inazuia upendeleo. Tatizo ni kwamba mwalimu hufundisha kinachopimwa, na ufundi wa mikono hauwezi kuingia kwenye kiduara. Hivyo mtoto akapoteza mchana wa kutengeneza, akapewa jaribio la kuchagua.

5. Karakana tayari iko Igunga

Hapa ndipo nilipowahitaji mafundi mbele. Nikisema karakana, wengi wanaona chumba chenye mashine za umeme na mfadhili anayekata utepe. Mimi naona barabara hii inayotoka Singida, inateremka Sekenke, inakatisha mbuga ya Wembere, inapita kwetu kwenda Nzega na kuendelea hadi Rwanda na Burundi. Ni njia ya misafara ya siku hizi, na malori yake yanatuachia kila kitu: tairi zilizochoka, waya, mabati, chupa za maji, maboksi. Kwenye tairi hizo mafundi wetu wanakata katambuga, ambazo huvaliwa miaka na miaka porini na mashambani. Yule mkata katambuga anajua vipimo, pembe na uimara wa mpira. Anafaa kuingia darasani.

Nitoe mifano minne, na kila mmoja ni somo lililo kwenye mtaala.

Wa kwanza ni baiskeli. Fundi baiskeli aje shuleni na baiskeli moja tu. Watoto wahesabu meno ya gurudumu la mnyororo la mbele, penye pedeli, na meno ya friwili nyuma. Tuseme mbele ni 48 na nyuma ni 16. Pedeli ikizunguka mara moja, tairi litazunguka mara ngapi? Mara 3. Wapake chaki kwenye tairi, wasukume baiskeli hadi alama irudi chini, wapime umbali kwa futikamba. Kwa tairi la baiskeli zetu kubwa watapata mita 2.2 hivi, kwa hiyo pedeli moja inampeleka mtu zaidi ya mita 6. Hapo wamefanya uwiano, mzingo wa duara na kuzidisha desimali, na hakuna aliyelala.

Wa pili ni kipima mvua. Kata chupa kubwa ya maji pale inapoanza kuwa nyembamba, sehemu ya juu uigeuze kinywa chini uitumbukize iwe faneli, ili maji yasikauke upesi kwa jua. Chagua chupa yenye kuta zilizonyooka. Chini weka kokoto isipeperuke, jaza maji hadi yafike mstari utakaouita sifuri, bandika rula. Mvua ikinyesha, mtoto asome milimita na kuandika kwenye daftari. Sasa njoo kwenye hesabu: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la darasa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8 lina mita za mraba 160. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu yake ni lita 1,600, yaani madumu 80 ya lita 20, ukiacha yale yanayorukia pembeni. Katika wilaya inayongoja mvua kati ya Novemba na Aprili na kuhesabu kila tone baada ya hapo, mtoto aliyepima mwenyewe ndiye atakayemwambia baba yake aweke mfereji wa bati pembeni mwa paa. Nasikia mmoja wenu akiuliza nani atakayelipia mfereji huo. Baba, mzee wangu. Madumu 80 kwa mvua moja yanalipa.

Wa tatu ni tofali. Watoto watengeneze matofali madogo kama kiberiti: moja kwa udongo wa mbuga mtupu, moja kwa luseni, ule udongo wa kichanga, na mengine kwa mchanganyiko wa viwango tofauti. Yakauke kivulini, kisha wayatazame. La mbuga mtupu litapasuka kwa sababu udongo huo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. La luseni mtupu litabomoka mkononi. Mchanganyiko upi kati ya hayo mawili unashika? Jibu lao litakuwa jibu la sayansi, na litakuwa na faida kwa kila anayejenga hapa.

Wa nne ni mfumi. Fremu ya vipande vinne vya mbao, misumari juu na chini, nyuzi za mtande zikanyooshwa, mshindio ukapitishwa kwa kijiti. Pamba inatoka shambani kwao. Kitambaa cha kwanza kitakuwa kibaya, na ni sawa. Mtoto aliyefuma hata kiganja kimoja cha nguo haioni tena pamba kuwa bidhaa ya kupima mzani na kuondoka.

Majirani zetu wa Malawi wanatukumbusha jambo la tano, nalo ni kitabu. Mwaka 2002 William Kamkwamba, mwenye miaka 14, hakuwa shuleni kwa kukosa karo wakati wa njaa. Alikwenda kwenye maktaba ndogo ya kijijini, akaona picha ya kinu cha upepo katika kitabu cha sayansi, akakijenga kwa fremu ya baiskeli, dainamo, feni ya trekta na mabomba ya plastiki, juu ya mnara wa miti ya mikaratusi. Kikawasha taa nyumbani. Takataka peke yake zisingetosha, na kitabu peke yake kisingetosha. Vilikutana. Kwa hiyo tukizungumzia ufundi tusisahau rafu ya vitabu.

6. Muda, ruhusa ya kukosea, na haki kwa wote

Sasa nijibu pingamizi ambazo nazisikia kabla hazijatamkwa.

Mwalimu atasema: darasa langu lina watoto wengi mno, nitawashikaje wote na misumari na bati? Ni kweli, na ni swali la haki. Jibu ni makundi ya watoto sita au saba, kila kundi na kazi moja na zana moja, huku nusu ya darasa ikichora na kuandika na nusu ikitengeneza, kisha wabadilishane. Mwalimu si lazima ajue kufua bati. Kazi yake ni kuuliza: kwa nini limepinda? Ungefanyaje lisipinde? Fundi ajue bati.

Mkaguzi atauliza alama ziko wapi. Aangalie daftari la kazi. Mtoto aandike alichotaka kutengeneza, achore, aeleze kilichoharibika na alichobadilisha. Kitu kilichofaulu mara ya kwanza kipewe alama chache kuliko kilichoshindwa mara mbili na kurekebishwa kwa maelezo. Mkinisikiliza kwa makini mtaona hapa ndipo ubunifu unapopatikana. Kuiga mfano wa mwalimu hadi ufanane ni utii, na una mahali pake, lakini hautoi kitu kipya.

Mzazi atasema: nimempeleka mtoto asome, siyo afanye kazi. Mzazi ana haki ya kuogopa, kwa sababu watoto wengi wametumwa kuni na maji ya walimu kwa jina la elimu. Tuweke mpaka ulio wazi. Mtoto anachotengeneza shuleni ni chake au cha shule, na kinafundisha kitu kinachoweza kutajwa. Kazi isiyo na somo ndani yake ni utumishi, na iondoke.

Kisha wasichana. Katika maeneo mengi ya nchi yetu wafinyanzi wa vyungu ni wanawake. Bibi zetu walichagua udongo, wakauchanganya na changarawe au vigae vilivyosagwa ili chungu kisipasuke motoni, wakakichoma bila kipimajoto. Huo ni ujuzi wa udongo na moto wa hali ya juu. Kwa hiyo kusiwe na kazi ya wavulana na kazi ya wasichana. Msichana ashike msumeno na koleo, mvulana ashike sindano na udongo. Mtoto mwenye ulemavu naye apewe nafasi. Fundi mzuri hujua kuitengeneza kazi imfuate mtu.

Na usalama: mbao zishikiliwe kwa jiriwa, kingo za bati zikunjwe, moto uwe chini ya macho ya mtu mzima, ndoo ya maji ikae karibu. Fundi anayekuja alipwe posho ndogo au angalau apewe chakula na heshima. Hatutaki kumnyonya fundi kwa jina la elimu.

Yaliyo mbele yetu

Ndugu wasikilizaji, wakati huu unatupendelea. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imefungua njia, na Januari 2024 mitaala mipya ikaanza kutumika kwa hatua. Katika sekondari sasa kuna mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa amali. Zamani kazi hii ilibebwa na shule chache za sekondari za ufundi, kama Ifunda, Moshi, Tanga, Iyunga, Musoma, Mtwara na Bwiru. Sasa inatarajiwa kuenea. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa tangu 1975, vipo pia mkoani kwetu. Yapo mashindano: Young Scientists Tanzania huwakusanya wanafunzi wa sekondari na miradi yao ya utafiti, na tangu 2019 kuna MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, ambayo yana nafasi hata ya wanafunzi wa shule za msingi na ya mafundi wasio na vyeti.

Nina hofu moja. Tukiufanya mkondo wa amali kuwa jalala la walioshindwa, tutakuwa tumelirudisha jembe la adhabu kwa jina jipya. Mwanafunzi bora wa hisabati aone fahari kuingia huko. Ili aone fahari, lazima awe ameonja kutengeneza tangu darasa la kwanza, siyo aanzie kidato cha kwanza.

Kwa hiyo naleta maombi manne. Walimu wakuu: tengeni saa mbili kila wiki, ziandikwe kwenye ratiba kama somo lingine lolote, zisigeuzwe mazoezi ya mtihani. Kamati za shule: wekeni sanduku moja lenye nyundo, koleo, msumeno, patasi, futikamba na jiriwa, na kitabu cha kumbukumbu cha nani kachukua nini, litagharimu kidogo kuliko seti moja ya madawati. Mafundi: kila mmoja wenu achague shule moja iliyo karibu na kibanda chake, aingie mara moja kwa mwezi. Halmashauri: siku ya Nane Nane, kanda yetu inapokutana Tabora, kuwe na banda la watoto wa shule za Igunga, na kila kilichowekwa mezani kiwe kimetengenezwa na mtoto anayeweza kueleza kilivyoharibika mara ya kwanza.

Wazazi, kwenu ombi ni dogo zaidi. Mtoto akirudi na gari la waya, msilitupe. Muulizeni linakataje kona.

Ratiba ya muhula ujao bado haijabandikwa ukutani. Walimu wakuu, ziandikeni hizo saa mbili kabla haijabandikwa.  Sasa nayapokea maswali, na ningependa fundi aanze.